TV ya umma isiyotafuta faida bado ina kazi gani? Wazazi na walimu wa Moshi na Arusha njooni

Mangi_wa_Rau
Wakuu habari za jioni. Nina swali na naomba mnijibu bila matusi, hasa wenye watoto na walimu. Hapa kijiweni tulikuwa tunabishana na jamaa yangu, yeye anasema TV ya umma ni hela ya kodi inatupwa, mtoto sa hivi anafunguliwa YouTube kwenye simu ya mama yake anajifunza kila kitu, na mtu mzima anayetaka burudani analipia king'amuzi au anaenda zake kibanda umiza, sasa hiyo TV ya umma ya nini? Akanitolea na mfano wa Marekani, kwamba mwezi wa saba 2025 Bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa ajili ya TV na redio za umma, kwa hiyo kama wenye hela wameona haina maana sisi ni akina nani.

Sikuwa na jibu la haraka ila moyo haukukubali. Mwanangu yuko chekechea, katuni ya Akili anaijua kuliko anavyowajua mashangazi zake, anahesabu, anataja rangi kwa Kiingereza, na sijawahi kuilipia hata mia. Nikimkalisha kwenye chaneli fulani ya katuni ya kulipia nikirudi nakuta anadai midoli na juisi. Kwa hiyo naomba kujua, TV isiyotafuta faida inafanya kitu gani ambacho TV ya biashara na YouTube haviwezi? Na nani alipe? Siasa wekeni pembeni kidogo.

Chalii_Sakina
Mangi siasa haiwekwi pembeni hapo kaka, ndo swali lenyewe. Na umechanganya vitu vitatu. Kuna TV ya serikali, kuna TV ya umma, na kuna shirika lisilo la faida linalotengeneza vipindi. Hiyo Akili unayoisifia haijatengenezwa na TBC, imetengenezwa na Ubongo wa Dar, TBC, yaani TV ya taifa, walirusha tu. Ukitaka kujua TV ni ya nani angalia dakika kumi za mwanzo za taarifa ya habari, ukiona ni nani kakata utepe na nani kapokelewa uwanja wa ndege basi ujue hiyo ni ya serikali hata kama imeandikwa ya taifa. Ya umma ingeanza na bei ya mahindi soko la Kilombero.

Mnakumbuka Januari 2016 Waziri Nape alivyosimama bungeni akasema TBC hawatarusha tena Bunge laivu muda wote, sababu gharama, ikatajwa bilioni 4.2 kwa mwaka. Sasa kama kuna kitu kimoja ambacho TV ya umma inatakiwa ifanye na ya biashara haiwezi kuona faida yake ni kumwonyesha mwananchi mbunge wake anasema nini au amelala. Hicho ndo kikawa cha kwanza kukatwa. Kwa hiyo jamaa yako kapatia nusu, hela inatupwa kama hamna anayeweza kuiuliza hiyo TV maswali.

Mwalimu_Tengeru
Nafundisha madarasa ya chini huku Tengeru kwa hiyo nitaongelea watoto, hayo ya Bunge nawaachia wenyewe.

Chalii yuko sawa, Ubongo ni shirika lisilo la faida, lilianza Dar 2013 na Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonekana TBC1, hesabu na sayansi ndani ya katuni na nyimbo, na mtoto ambaye kwao hakuna intaneti alikuwa anajibu maswali kwa SMS kwa simu ya kitochi. Akili and Me ikaja baadaye kwa wale wadogo kabisa. Na Mangi sijui kama umegundua huyo Akili anaishi wapi, anaishi chini ya mlima Kilimanjaro na wazazi wake, akilala ndo anaingia kwenye nchi yake ya ndoto. Mwanao anamwona mtoto wa jirani pale. Sasa niambie ni kampuni gani ya biashara ingetumia hela yote hiyo kutengeneza katuni ya Kiswahili ya kumfundisha mtoto wa miaka minne kuhesabu, wakati wangeweza kununua katuni ya nje iliyokwisha kurudisha gharama zake kwao wakaitafsiri kidogo au hata wasiitafsiri kabisa. Hakuna. Mtoto hana hela ya kununua kitu, kwa mfanyabiashara thamani yake ni kumsumbua mzazi anunue, ndo hayo midoli na juisi uliyoyataja.

Na sio hisia tu. Kuna utafiti ulifanyika Morogoro ukachapishwa 2018, walichukua mamia ya watoto, kundi moja likawekewa Akili kundi lingine likawekewa vipindi vingine vya kawaida, baada ya wiki chache walioangalia Akili wakawa mbele kwenye kutambua namba, kuhesabu, maumbo, kuchora, na Kiingereza. Huko Marekani ndo wana ushahidi wa miaka mingi zaidi. Kipindi chao cha watoto, Sesame Street, kilianza Novemba 1969, na wakati ule miji mingine ilikuwa inakipata kwa masafa ya VHF ambayo yanashika vizuri na mingine kwa UHF ambayo kwa TV za enzi zile ilikuwa chenga tupu. Wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, wakaja kutumia hiyo tofauti, wakalinganisha watoto wa kwenye mawimbi mazuri na wa kwenye chenga, wakakuta wale wa mawimbi mazuri walikuwa wanaenda na darasa la umri wao bila kubaki nyuma, na waliofaidika zaidi ni wavulana, watoto weusi na wanaotoka maeneo maskini. Yaani mtoto kafaidika kwa sababu mlingoti ulikuwa karibu na kwao tu.

Kuhusu YouTube, kwanza bando. Pili YouTube haijui mwanao ana miaka mingapi wala jana kajifunza nini, inachotaka asitoke, utamwacha kwenye nyimbo za herufi ukirudi unakuta mtu mzima anapasua mayai yenye midoli ndani. Kipindi cha TV kina mwanzo na mwisho na kuna mtu alikaa akaamua leo tunafundisha namba 5. Na mlingoti ukisharusha, gharama ni ileile wawe watoto kumi au milioni, kwenye bando kila mtoto analipiwa na mama yake peke yake.

Ila nisipambe sana. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona tukaambiwa vipindi vitakuwa kwenye TV na redio, tulipofungua mwisho wa mwezi wa sita darasani kwangu niliwatambua bila kuuliza waliokuwa na TV na umeme na wasiokuwa navyo.

Babu_Kibosho
Wajukuu hamjambo. Nimesoma yote nikacheka maana mnaongea kama TV imekuwepo tangu Nuhu. Bara hatukuwa na TV kabisa mpaka 1994 ITV ilipoanza, Zanzibar walitutangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 na yao ilikuwa ya rangi. Mwalimu Nyerere aliona ni anasa itakayowanufaisha watu wa mjini wakati kijijini hata redio haijafika kila nyumba. Huku kaskazini wachache wenye uwezo walikuwa wanasimamisha mlingoti mrefu kupita migomba ili wawashike Wakenya, na ukitaka kuangalia ulijipanga sebuleni kwa mtu na viatu unaacha nje. TV ya taifa yenyewe, ile TvT, imekuja baadaye sana, miaka ya 2000 huko.

Lakini kazi hiyo mnayoiuliza tuliifanya kwa redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, Radio Tanzania ilirusha vipindi na watu walikaa vikundi vikundi chini ya mti au shuleni, kuna kiongozi wa kikundi kafundishwa na ana kitabu, mnasikiliza, redio ikizimwa mnajadili, malaria, kichocho, kuhara, halafu mnakubaliana kesho tunafanya nini. Walishiriki watu kama milioni mbili nchi nzima. Vyoo vilichimbwa, visima vilifunikwa. Redio haikutuacha tukae kimya tukitazama kama kuku aliyemwagiwa mtama, ilitutuma kazi. Hapo ndipo ninapoona TV zenu zimekosea, zote, za umma na za biashara, kipindi kikiisha hakuna anayekuuliza umeelewa nini.

Na mbona hakuna aliyegusa burudani? Mnadhani wanamuziki wa bendi za NUTA Jazz na Mlimani Park walirekodi wapi? Studio ilikuwa Radio Tanzania. Hakukuwa na mfanyabiashara mwenye studio wa kuwarekodi, redio ya taifa ndiyo iliwarekodi na ndiyo iliwapiga hewani, na kanda za maktaba yao ndizo mnazosikia leo mkiita zilipendwa. Bila hiyo hela ya kodi muziki wa miaka ile ungeishia ukumbini na waliocheza.

Mama_Pasua
Shikamoo Babu, umenikumbusha mbali. Niongezee kidogo kwenye burudani maana watu wanadhani elimu lazima iwe na ubao na chaki. Mwaka 1993 Radio Tanzania walianza mchezo unaitwa Twende na Wakati, kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, kila kituo ana mwanamke, mke wake Tunu yuko nyumbani na watoto anahangaika, tulikuwa tunaacha ugali jikoni kumsikiliza. Mkwaju akaja akapata UKIMWI. Jamani tulilia, halafu tukaanza kuongea, wanaume kwa wanawake, mambo ambayo nesi akija kuyahubiri kila mtu anatazama chini. Kumbe nyuma yake kulikuwa na utafiti, Dodoma hawakuurusha mpaka 1995 ili waweze kulinganisha, na kule ulikorushwa matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kuliko Dodoma.

Sa hivi jioni naangalia tamthilia za Kituruki na za Kifilipino, nzuri sawa, lakini mimi na yule tajiri wa Istanbul hatuna tunachoshea. Nataka mchezo wa mama anayeuza ndizi Kiboriloni, mtoto wake kafika kidato cha nne anataka kuacha shule akapande mlima kubeba mizigo ya wazungu. Hilo ndo la kwetu na litanifundisha na kunichekesha humohumo.

Chalii_Sakina
Mama hiyo ya Kiboriloni ningeangalia hata mimi 😂 ila hamjamjibu Mangi swali lake la pili, nani alipe?

Dada_Njiro
Mimi ni mhasibu kwa hiyo hapo kwenye kulipa niachieni.

Waingereza wanalipa leseni, kila nyumba inayoangalia TV inalipa, mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, kwa hela yetu kama laki sita kwa mwaka, ndo maana BBC kwao haina matangazo ya biashara. Ujerumani ni kila kaya iwe na TV isiwe na TV, euro 18.36 kwa mwezi. Afrika Kusini wana leseni pia ila watu wengi hawalipi na SABC inaishi kwa kukimbizana na matangazo. Hapa kwetu nani aende Unga Limited mlango kwa mlango kudai leseni ya TV, hata mimi ningemwambia baba hayupo.

Sasa Marekani, na jamaa yake Mangi asikilize. Ile bilioni 1.1 ilikuwa ya miaka miwili na ilikuwa inagawiwa kwa TV na redio za umma nchi nzima. Kwa mfumo mzima wa PBS, yaani mtandao wa TV za umma wa huko, hela ya serikali kuu ilikuwa karibu asilimia 15 tu, nyingine ni michango ya watazamaji, mifuko ya hisani, vyuo vikuu, majimbo, na kampuni zinazotajwa kwa adabu mwanzoni mwa kipindi. Wenye kuumia ni stesheni ndogo za vijijini ambazo hazina matajiri wa kuwachangia, kwao hiyo hela ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti. Yaani sio kwamba wameona haina maana, ni wanasiasa wa upande mmoja walikuwa na ugomvi nayo siku nyingi. Ugomvi wenyewe wa zamani, sheria ya kuzipa hela TV na redio za umma ilisainiwa na rais Johnson 1967 na kufikia Mei 1969 Fred Rogers, yule wa kipindi cha watoto cha Pittsburgh, alikuwa ameshaenda kuitetea bajeti ya dola milioni 20 kwenye kamati ya seneta John Pastore. Hakupiga kelele, alieleza kwamba anamfundisha mtoto kuwa hasira zinaweza kusemwa na zikatawaliwa, akasoma na maneno ya wimbo wake, na yule seneta aliyekuwa mkali toka asubuhi akasema basi hela mmeipata.

Mfano mwingine wa kuonyesha anayelipa ndo anayeamua. Sesame Street hela ilipobana mwaka 2015 wakaingia mkataba na HBO, chaneli ya kulipia, matokeo yake vipindi vipya vikawa vinaonekana kwanza kwa waliolipia HBO, mtoto wa maskini akawa anasubiri miezi tisa ndo vifike PBS. Kipindi kilichoanzishwa kwa ajili ya mtoto wa maskini! Vitu vilevile, midoli ileile, ila foleni iligeuka.

Kwa hapa mimi ningeenda na njia ya UCSAF. Makampuni ya simu tayari yanakatwa asilimia ya mapato yao kuchangia mfuko wa mawasiliano kwa wote na minara ya vijijini imejengwa kwa hela hiyo. Tenga sehemu ndogo iwe ya vipindi, sio ya mishahara wala magari, ya vipindi vya watoto na michezo ya kuigiza ya kwetu, watengenezaji washindane, anayeshinda chaneli zote zinaruhusiwa kurusha bure. Bodi isiteuliwe na waziri peke yake. Hapo chalii atakuwa na wa kumuuliza maswali.

Chalii_Sakina
Dada hapo umenipata karibu yote, bodi tu ndo sijaielewa utaipataje Tanzania hii. Ila na nyie watu wa mashirika msijifanye malaika, mfadhili naye ni mteja. Akija na hela ya kunawa mikono mtaimba kunawa mikono mwaka mzima, hela ikihamia kwenye mazingira mnaanza kupanda miti. Na siku akipata rais mpya kwao anaondoka na kila kitu, mmeona yaliyotokea 2025 kwenye misaada ya Marekani. TV ya biashara ina bosi mmoja anaitwa tangazo, hiyo ya wafadhili ina bosi anayeishi mbali zaidi.

Mwalimu_Tengeru
Kweli chalii, lakini mfadhili akiondoka kipindi kinabaki, Ubongo vipindi vyao vya zamani bado natumia darasani, namba 5 haijabadilika. Tangazo likiondoka linabaki nini?
Mimi ninachotaka ni ratiba. Kipindi cha watoto kiwekwe saa ambayo mtoto yupo nyumbani na umeme upo na baba hajashika rimoti, na kisihamishwe kila pakiwa na mkutano. Hicho hakihitaji bilioni.

Mangi_wa_Rau
Asanteni sana, nimepata vya kwenda navyo kijiweni na hiyo ya HBO naanza nayo. Swali dogo tu la mwisho, dada yangu yuko juu huko Marangu, anasema kifurushi kikiisha king'amuzi chake kinabaki giza, haoni chochote hata hizo za bure. Si walisema za bure zinaonekana tu?

Fundi_Kiboriloni
Mangi muulize kwanza ana king'amuzi cha antena au cha dishi. Watu wengi hawajui tofauti. Toka huku kwetu walipozima analojia 2013 chaneli za bure zinapita kwenye vya antena, na utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kwamba kifurushi kikiisha zinatakiwa ziendelee kuonekana. Vya dishi vya kulipia ni habari nyingine, 2018 TCRA waliwaambia Azam, DStv na Zuku watoe chaneli za bure kwa sababu leseni zao zilikuwa za kulipisha, ikabaki TBC1 ndo ya lazima, kukawa na kelele nchi nzima.

Kama ni cha antena basi Marangu shida ni mlima. Mawimbi ya dijitali yanataka yaone mlingoti, nyumba ikikaa bondeni au nyuma ya kilima hamna kitu, na sio chenga kama zamani, inaganda au inasema hakuna mawimbi basi. Asiweke ile antena ya ndani ya kukunjika anapoteza hela, achukue ya nje ya UHF, mlingoti upite miti, aielekeze bondeni upande wa Moshi mjini asiielekeze mlimani, waya mzuri usio na viungo viungo, halafu aingie kwenye menyu afute chaneli zote atafute upya. Kama nyumba ni ya upande wa korongoni ajaribu kuisogeza hata mita tano kabla hajaita fundi, mara nyingi inashika.